Kupima graniti kwa ajili ya urani: tathmini ya huduma ya maabara yenye vipimo viwili

Mtu anayetafuta urani katika nchi ya graniti hupeleka mawe maabara akiwa na swali moja, nalo ni kiasi cha urani kilichomo. Huduma ninayoitathmini hapa inalijibu swali hilo vizuri, lakini faida yake kubwa humfikia mteja anayeongeza swali la pili: urani hiyo imekaa ndani ya madini gani, na ni sehemu gani yake inayoweza kutolewa na maji? Graniti mbili zinaweza kuwa na urani sawa kabisa kwa tani, moja ikawa chanzo cha mashapo yenye thamani, na nyingine ikaishikilia urani yake kwa mamilioni ya miaka bila kutoa chochote. Kipimo kimoja hakiwezi kuzitenganisha. Zinatengana pale unga uleule wa jiwe unapopimwa mara mbili, kwanza kwa kuyeyushwa wote, kisha kwa kuoshwa na asidi, na kwa maoni yangu asiyeweza kulipia vipimo vyote viwili ni heri apunguze idadi ya sampuli kuliko kuacha kimojawapo.

Maabara yenyewe ni ya kibiashara. Siitaji jina kwa sababu sehemu ya nitakayoyasema ni malalamiko, na kwa sababu maabara nyingi zinazohudumia kampuni za utafiti wa madini huuza kifurushi kinachofanana na hiki. Mteja hupeleka vipande vya mwamba. Maabara huvikausha, huviponda, huvigawa na kuvisaga hadi asilimia 85 ya unga ipite katika chekeche la maikromita 75. Baada ya hapo oksidi kuu, yaani silika, alumini, potasiamu, sodiamu, kalisi na wenzake, hupimwa kwa mionzi ya eksirei, na elementi zilizo chache, urani na thoriamu zikiwemo, hupimwa kwa spektrometa ya masi inayotumia plazma. Kipimo cha kuosha kwa asidi hulipiwa kando.

Sampuli tulizopeleka zilitoka katika graniti zinazozunguka uwanda wa Bahi na Manyoni, katikati ya Tanzania. Urani inayojulikana huko imo katika mashapo laini ya mbuga, yaani tambarare zinazotuamisha maji, kwenye udongo wa mfinyanzi na matabaka ya chokaa ngumu yaliyo karibu na uso wa ardhi, hasa ndani ya madini ya rangi ya njano yaitwayo kanotaiti, ambayo huunganisha urani, vanadi na potasiamu. Maelezo yanayokubaliwa na wanajiolojia wengi ni kwamba maji ya mvua yaliyopita katika graniti za kale za kratoni ya Tanzania, yaani kipande cha kale na imara cha ukoko wa dunia, yaliichukua urani kidogo kidogo, yakaipeleka katika mabonde yasiyo na njia ya kutokea, kama lile linalopokea maji ya mto Bubu, na huko ukame ukayakausha mpaka urani ikaganda. Mashapo ya jamii hiyo yanapatikana pia Yeelirrie katika Australia Magharibi na Langer Heinrich nchini Namibia. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kujua ni mbuga ipi nyingine inastahili kuchorongwa anapaswa kuanzia juu ya bonde, kwenye graniti, na kuuliza ni ipi kati yake iliyo tayari kuitoa urani yake kwa maji.

Ili kuelewa kwa nini swali hilo lina majibu tofauti kwa graniti tofauti, ni lazima turudi kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao graniti hutokana nao. Magma inapopoa, kwatzi, feldispa na ulanga huunda fuwele zake bila kuihitaji urani, kwa kuwa ayoni ya urani ni kubwa na ina chaji nyingi mno kwa nafasi zilizomo ndani ya fuwele hizo. Urani hubaki katika majimaji yanayozidi kupungua, nayo inazidi kujikusanya humo hadi hatua za mwisho. Sehemu ya juu ya ukoko wa dunia ina wastani wa takribani gramu 2.7 za urani kwa tani na gramu 10.5 za thoriamu, wakati graniti za kawaida huwa na gramu 3 hadi 5 za urani. Kinachotokea mwishoni mwa kupoa kinategemea kemia ya magma yenyewe, na hapo ndipo vipimo vya oksidi kuu, ambavyo wateja wengi huvikata ili kupunguza gharama, vinapojilipa.

Magma yenye alkali inayozidi alumini huweza kubeba urani nyingi, lakini huiingiza katika madini tata ya zirkoniamu, niobi na elementi za udongo adimu, ambayo maji ya kawaida hayayagusi kwa urahisi. Magma ya potasiamu na kalisi iliyo ya moto zaidi huwa na thoriamu nyingi. Thoriamu hiyo huunda uranothoraiti na alanaiti, na urani huingia humo pamoja nayo, nyingine ikiingia katika titanaiti na katika zirkoni, madini magumu ya zirkoniamu. Graniti za namna hii huanza zikiwa zimeifungia urani yao, lakini mionzi ya urani na thoriamu huuvunja polepole mpangilio wa atomi wa madini yaliyoibeba, na baada ya muda mrefu wa kijiolojia maji hupata pa kuingilia. Jamii ya tatu ndiyo inayovutia zaidi. Ni graniti nyeupe zenye alumini ya ziada, zilizotokana na kuyeyuka kwa miamba ya kale iliyowahi kuwa mchanga na matope. Magma yake haina joto kubwa na ina kalisi kidogo, hivyo monazaiti huganda mapema na kuondoka na thoriamu. Urani inayobaki haina madini ya kuipokea, na hatimaye huunda madini yake yenyewe, uraninaiti, ambayo huyeyuka kirahisi katika maji yenye oksijeni.

Ndiyo maana uwiano wa thoriamu kwa urani una uzito mkubwa kuliko kiasi cha urani peke yake. Wastani wa ukoko uko karibu na 4. Katika jiwe bichi, uwiano unaposhuka chini ya 2, na zaidi unapokaribia 1 au kwenda chini yake, kuna sababu nzuri ya kudhani kwamba sehemu ya urani imo ndani ya uraninaiti. Uwiano huo hauwezi kuaminika kama mojawapo ya namba mbili zinazouunda imepimwa vibaya, na mahitaji ya mteja wa urani kwa maabara yanaanzia hapo.

Mfano uliochunguzwa kwa kina kuliko mingine ni graniti ya Saint-Sylvestre katika eneo la Limousin, Ufaransa. Urani iligunduliwa La Crouzille mwaka 1948, na uchimbaji katika eneo hilo uliendelea hadi mwaka 2001, ulipofungwa mgodi wa mwisho. Graniti hiyo, ambayo ni ya jamii yenye alumini ya ziada, iliganda takribani miaka milioni 325 iliyopita; katika baadhi ya sehemu zake urani huzidi gramu 20 kwa tani, na nyingi ya hiyo ilikuwa katika uraninaiti iliyotawanyika ndani ya jiwe. Mashapo yaliyochimbwa, hata hivyo, yana umri wa takribani miaka milioni 275. Kwa miaka milioni 50 hivi graniti ilikuwa imeshapoa na kutulia, kisha nyufa zikafunguka, maji ya moto yakapita, yakaiondoa kwatzi katika baadhi ya sehemu na kuacha jiwe lenye vishimo vingi linaloitwa episienaiti. Pichiblendi, ambayo ni aina ya uraninaiti, ilikuja kujaza vishimo na nyufa hizo. Nimeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu inaweka wazi mpaka wa kile kinachonunuliwa maabara. Uchambuzi wa kemia ya graniti unaeleza kama chanzo kipo. Njia ya maji, wakati wa kupita kwake na mahali pa kuinasa urani ni kazi ya ramani, ya miundo ya miamba na ya uchorongaji, na hakuna jedwali la maabara litakaloziba pengo hilo.

Nirudi kwenye huduma. Katika kipimo cha jumla, unga huchanganywa na boreti ya lithiamu na kuyeyushwa katika joto la takribani nyuzi 1,000 za Selsiasi mpaka uwe kioo, na kioo hicho ndicho kinachoyeyushwa katika asidi na kuingizwa katika mashine ya plazma. Njia hii huvunja karibu kila kitu, zirkoni ikiwemo, na ndiyo pekee kati ya zilizokuwa katika orodha ya bei ambayo ningeiamini kwa thoriamu na urani ya jumla ndani ya graniti. Katika mafungu yetu tuliingiza kwa siri G-2, sampuli rejea ya graniti iliyotolewa na taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani, ambayo ina takribani gramu 2 za urani na karibu gramu 25 za thoriamu kwa tani. Majibu ya urani na thoriamu yalirudi karibu sana na thamani hizo, na sampuli pacha zilikubaliana. Katika sehemu hiyo sina neno baya la kusema. Ofisi ya mapokezi pia hutoa njia ya bei nafuu ya kupima urani kwa mionzi ya eksirei moja kwa moja, lakini kikomo chake cha kutambua ni gramu kadhaa kwa tani, yaani sawa na urani yote iliyomo katika graniti ya kawaida. Kwa madini ya mgodini njia hiyo inatosha; kwa kutofautisha graniti zenyewe haina msaada, na ingekuwa uungwana mhudumu akimweleza mteja hivyo kabla ya kupokea malipo.

Lawama yangu kubwa inahusu fungu moja ambalo maabara ililipima kwa njia isiyoagizwa. Majibu yalikuja yakiwa nadhifu, na urani ya G-2 haikuonyesha kasoro ya kutisha, lakini zirkoniamu yake ilikuwa chini mno ya thamani inayojulikana, ambayo ni takribani gramu 309 kwa tani. Hafni, elementi inayoandamana na zirkoniamu ndani ya zirkoni, nayo ilikuwa imeshuka. Dalili hizo mbili zikija pamoja zina maelezo ya kawaida: unga umeyeyushwa kwa asidi nne, yaani haidrofloriki, naitriki, pakloriki na haidrokloriki, badala ya boreti. Asidi nne humaliza kwatzi, feldispa na ulanga, lakini punje za zirkoni hubaki chini ya chombo, na urani iliyo ndani yake hubaki pia. Katika graniti yenye zirkoni chache hasara ni ndogo. Katika graniti yenye zirkoni nyingi, urani ya jumla huonekana pungufu, na mtafiti akilinganisha namba hiyo na kipimo cha kuosha ataamini kwamba karibu urani yote inatoka kwa maji, wakati ile ngumu haikuhesabiwa kabisa. Tulipoandika barua pepe, maabara ilikiri, ikarudia fungu zima bila malipo, na majibu mapya yalikuwa sahihi; lakini wiki kadhaa zilipotea, na msimu wa kazi za uwandani haumsubiri mtu. Nawashauri wateja wote wa huduma za namna hii waangalie zirkoniamu ya sampuli rejea kabla ya kuangalia kitu kingine chochote katika jedwali.

Kipimo cha pili ndicho kinachoifanya huduma hii iwe na thamani kwa kazi ya urani. Unga uleule huoshwa kwa mchanganyiko wa asidi ya naitriki na ya haidrokloriki, bila ile ya haidrofloriki, na urani iliyotoka hupimwa. Uraninaiti huyeyuka humo, na vivyo hivyo madini ya njano yaliyotokana nayo na urani iliyojishikiza juu ya kutu ya chuma katika nyufa. Zirkoni haiyeyuki. Mtu akigawanya kiasi kilichooshwa kwa kiasi cha jumla anapata sehemu ya urani iliyo tayari kusafiri, na sehemu hiyo, ikiwekwa pembeni ya uwiano wa thoriamu na ya kemia ya oksidi kuu, inaeleza mengi kuliko namba yoyote iliyo peke yake. Katika sampuli zetu, graniti mbili zilizofanana karibu kabisa kwa urani ya jumla zilitengana waziwazi hapa: moja ilitoa sehemu kubwa ya urani yake, nyingine, iliyokuwa na thoriamu na zirkoniamu nyingi, ikatoa kidogo. Tulipokata vipande vyembamba vya ile ya pili na kuviweka chini ya hadubini, tuliona ndani ya ulanga mweusi vipunje vya zirkoni vilivyozungukwa na duara jeusi, alama ya mionzi iliyoupiga ulanga kwa muda mrefu kutoka ndani ya zirkoni. Urani ilikuwepo, na ilikuwa imefungiwa humo.

Kanada wanaijua faida ya jozi hii. Maabara ya baraza la utafiti la jimbo la Saskatchewan, inayohudumia watafiti wa Bonde la Athabasca, imekuwa ikitoa vipimo vya jumla na vya sehemu kama kifurushi kimoja cha utafutaji wa urani, na wateja wa huko huviagiza kwa desturi. Ningependa maabara za ukanda wetu ziige utaratibu huo, badala ya kukificha kipimo cha kuosha katika ukurasa wa mwisho wa orodha ya bei, kana kwamba ni cha dhahabu na shaba tu.

Hata hivyo asidi kali haifanani na maji ya mvua. Huyeyusha apataiti yote, na hushambulia alanaiti na thoraiti ambazo maji ya kisima yangeziacha. Zaidi ya hayo, usagaji wenyewe hufungua punje za uraninaiti zilizokuwa zimezibwa ndani ya kwatzi, mahali ambapo maji ya asili yasingezifikia. Namba inayotoka kwa hiyo ni ya juu kuliko hali halisi, na inafaa kwa kulinganisha graniti na graniti, si kwa kukadiria ni tani ngapi zilizowahi kuingia mbugani. Kwa mazingira ya Bahi na Manyoni, ambako maji ni ya alkali na yana bikaboneti nyingi, na ambako urani husafiri ikiwa imeshikamana na kaboneti, kipimo cha kuosha kwa bikaboneti ya sodiamu kinakaribia zaidi ukweli. Maabara hii hukifanya kwa maombi maalumu tu, kwa bei ya juu na kwa kuchelewa. Fundi aliyetuhudumia alilielewa ombi mara moja na akauliza maswali ya maana kuhusu joto na muda wa kuosha, jambo lililonipa imani. Kinachokosekana ni utaratibu rasmi, ili matokeo ya mteja mmoja yaweze kulinganishwa na ya mwingine.

Kuna tatizo jingine ambalo si kosa la maabara, ila maabara ingeweza kulieleza vizuri zaidi. Kiasi cha unga kinachopimwa kwa plazma huwa kidogo sana, mara nyingi robo gramu. Uraninaiti ni madini mazito, yenye uzito wa karibu gramu 10 kwa sentimita moja ya ujazo. Punje moja ya umbo la mchemraba yenye upande wa maikromita 50, ambayo hupita bila shida katika chekeche la maikromita 75, ina takribani maikrogramu moja ya urani. Punje hiyo moja ikiingia katika robo gramu ya unga huongeza karibu gramu 4 za urani kwa tani, yaani inatosha kuifanya graniti maskini ionekane ya kawaida, au ya kawaida ionekane tajiri. Mteja anayeona sampuli pacha zikitofautiana asikimbilie kuilaumu mashine. Tofauti ya namna hiyo, ikijirudia kwa urani huku elementi nyingine zikikubaliana, yaweza yenyewe kuwa dalili ya uraninaiti, na dawa yake ni kusaga zaidi, hadi unga uwe laini kama poda ya mtoto, na kupima kiasi kikubwa au kurudia mara kadhaa. Maabara ilikubali kurudia kwa punguzo la bei, na hilo nalishukuru.

Kuhusu usagaji, mteja achague chombo kwa makusudi. Kinu cha kabidi ya tangsteni huchafua unga kwa tangsteni na kobalti, na kwa kuwa tangsteni ni mojawapo ya elementi zinazoonyesha jinsi graniti ilivyoiva kikemia, uchafu huo huharibu tafsiri. Kinu cha chuma cha kromu huongeza kromu na chuma kidogo, hasara inayovumilika kwa kazi hii. Fomu ya maombi hailiulizi swali hili. Ni lazima mteja aliandike mwenyewe katika nafasi ya maelekezo. Aandike pia kwamba kinu kisafishwe kwa kwatzi kati ya sampuli, na kwamba sampuli zenye mionzi zaidi zisagwe mwisho.

Vipimo vitatu vinakosekana katika kifurushi cha msingi, na kwa kazi ya urani vyote vitatu vinahitajika: florini, chuma cha hali ya chini ya oksidi, na uzito unaopotea jiwe likichomwa. Florini hulegeza magma na kuchelewesha kuganda kwake, hivyo ni alama nzuri ya graniti zilizobeba elementi adimu hadi mwisho. Chuma cha hali ya chini kinaeleza kama jiwe bado lina uwezo wa kuigandisha urani. Urani ya valensi 6 husafiri katika maji, na ikikutana na mazingira yanayoirudisha kwenye valensi 4 hutulia hapo. Chuma hicho hakiwezi kupimwa katika kioo cha boreti kwa kuwa moto hukigeuza chote, kwa hiyo huhitaji kipimo chake cha pekee. Uzito unaopotea motoni ni nafuu kuliko vyote na unasaidia kutambua jiwe lililoanza kuoza. Kuviacha vipimo hivi nje ya kifurushi kinachotangazwa kuwa cha miamba ya magma ni upungufu.

Jiwe lililooza, kwa kweli, ndilo linalopotosha kuliko kosa lolote la maabara. Juu ya ardhi, maji huchukua urani na kuiacha thoriamu, ambayo haiyeyuki kirahisi, na uwiano wa thoriamu kwa urani hupanda. Graniti iliyokuwa na uraninaiti nyingi huonekana, katika vipande vilivyookotwa juu ya mlima, kana kwamba haikuwahi kuwa nayo. Mteja anayepeleka mawe ya namna hiyo ananunua majibu sahihi ya sampuli isiyofaa. Kore, yaani vipande vya mwamba vinavyotolewa kwa kuchoronga, ni bora. Pasipo na fedha za kuchoronga, machimbo ya kokoto na mikato mipya ya barabara na ya reli hutoa jiwe bichi, na katika ukanda wa kati mikato hiyo ipo.

Majedwali ya majibu huja kwa barua pepe, yakiwa na majibu ya sampuli rejea za maabara yenyewe, jambo ambalo baadhi ya maabara huliomba mteja alipie. Ningeomba marekebisho mawili. La kwanza ni kwamba urani ya kipimo cha jumla imeandikwa kama elementi, wakati ya kuosha, katika baadhi ya majedwali, imeandikwa kama oksidi, na oksidi hiyo inayotumika sokoni huwa na uzito mara 1.179 wa urani iliyomo. Mtu asiyelitambua hilo anaweza kupata graniti inayotoa urani nyingi kuliko iliyo nayo. La pili ni kwamba majibu yaliyo chini ya kikomo yaachwe na alama yake, yasigeuzwe kuwa sifuri.

Usafirishaji huwatisha wengi, na hapa maabara ilifanya vizuri kwa kutoa maelezo ya kutosha. Gramu moja ya urani kwa tani ina mionzi ya takribani bekereli 12 kwa kilo kutokana na urani 238, hivyo hata graniti yenye gramu 20 iko kwenye robo ya bekereli kwa gramu, chini ya kiwango cha bekereli 1 kwa gramu kinachotumiwa kimataifa kama mpaka wa madini asilia kuhitaji udhibiti. Sampuli za madini zinazotoka Tanzania bado zinahitaji kibali, na vyeti vya mionzi hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomu. Karatasi hizo zianze kushughulikiwa kabla ya mawe kufungwa kwenye magunia.

Kwa nani, basi, huduma hii inafaa? Kampuni inayopima mashapo yaliyokwisha kupatikana ina mahitaji tofauti, ingawa swali la madini huwafuata wao pia. Kule Rössing, Namibia, ambako graniti nyeupe zenyewe zimekuwa zikichimbwa tangu mwaka 1976 zikiwa na takribani gramu 300 za oksidi ya urani kwa tani, zaidi ya nusu ya urani imo katika uraninaiti na nyingi ya iliyobaki imo katika madini ya njano yanayoyeyuka. Sehemu ndogo iliyo katika betafaiti huishinda asidi ya kiwandani na hutupwa pamoja na mabaki. Kwa mtafiti wa awali, kwa mwanafunzi wa shahada ya juu anayeandika kuhusu graniti za kratoni, na kwa kampuni ndogo inayochagua kati ya mabonde kadhaa, naipendekeza huduma hii, kwa sharti kwamba iagizwe ikiwa na vipimo vyote viwili, chuma cha hali ya chini na florini, na kwamba sampuli rejea iingizwe na mteja mwenyewe bila maabara kujulishwa. Katika fomu, mteja aweke alama kwenye kisanduku cha kurudishiwa unga na mabaki ya kupondwa. Kisipowekwa alama, maabara huvitupa baada ya muda wa kuhifadhi kuisha, na kipimo cha bikaboneti ambacho mteja ataamua kukiagiza baadaye kitakosa unga uleule uliotoa namba za kwanza.